Mchanga wa Mifukoni

Visiwa navijua kwa mchanga,
si kwa ramani ya ukutani wanayoizunguka wageni
kila jioni, glasi mkononi.
Mimi ni dobi wa meli, sitaha ya chini,
mashine tatu, pasi mbili,
kidirisha cha duara kisichofunguka.
Kabla ya kufua, nageuza mifuko.

Mchanga wa Komoro ni mweusi, unang'ang'ania pindo kama deni.
Wa Mafia ni laini,
unga wa muhogo uliotwangwa na mtu asiye na haraka.
Wa vile vya mbali kabisa, vyenye namba badala ya majina,
una vipande vya matumbawe vinavyokwaruza pipa la mashine
kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Kombe, mbegu, jino la samaki, risiti, tembe ya kichefuchefu:
natia kwenye bahasha, naandika namba ya chumba.
Ndiyo sheria. Miaka minne sijaikosea.

Leo ubaoni wameandika:
"Saa mbili na nusu, boti za mpira. Kisiwa kisicho na watu.
Vaeni viatu vya kulowana."
Nikasoma jina mara mbili.
Yambe.

Nanga ikashuka. Simu, iliyokufa siku tisa,
ikafufuka ndani ya aproni, ikapapatika kama kuku aliyefungwa miguu:
jumbe kumi na saba za Mama.
Ya mwisho: "Mko wapi?"
Tuko hapa, Mama. Naiona Bombo nilikozaliwa,
naona Raskazone, naona moshi wa mtu anayechoma taka upande wa Sahare.
"Basi shuka. Nimesonga bada, na ng'onda ipo."
Hatushuki, Mama. Kibali ni cha wageni.
Akakaa kimya. Kisha: "Haya."
Haya ya Mama, mtu wa Ngamiani anaijua,
ni mlango unaofungwa polepole ili uzisikie bawaba.

Juu, Profesa Henrike anawaeleza kwa kipaza sauti:
popo, mikoko, magofu, ndege wa midomo myekundu.
Kisicho na watu.
Simlaumu. Amesema kweli ya leo.
Ila bibi yangu alizaa wawili pale,
na kisima alichokichimba mumewe, Mwinyikai,
alikitaja mpaka anakata roho, kwa hasira,
kwa kuwa maji yalitoka na chumvi
na ni yeye aliyesema, chimba hapa hapa.

Jioni yakashuka magunia ya nguo.
Chumba ishirini na moja, suruali ya kaki, mfuko wa kulia:
mchanga, na kigae.
Kipande cha chungu, kimepinda kama kiganja kinachopokea,
ukingo umefinywa kwa kucha, kucha baada ya kucha,
mpaka pale mstari unapokwenda kombo:
mfinyanzi aliitwa, akageuka.

Nikachukua bahasha. Nikaandika ishirini na moja.
Kalamu ikagoma kutoka hapo.
Mashine ya pili ilikuwa inakamua, meza nzima inatetemeka,
na kigae kinacheza juu yake, kinasogea
kidogo kidogo, upande wangu.

Nikatia kifungo cha shati. Nikalamba gundi, nikafunga.
Mungu anisamehe. Kilikuwa kifungo kizuri.

Shekue wa boti ya rubani alikuja mlango wa ubavuni
kuchukua karatasi zake.
Barabara ya Kumi na Tatu, nikamwambia,
mlango wa kijani uliobabuka. Sema kinatoka Yambe.
Akakigeuza, akanusa.
"Hiki?"
Hicho.

Tulipoipita Ulenge mtandao ulibaki mstari mmoja,
unawaka, unazima. Nilikuwa nakunja shuka.
"Kimefika. Kina ufa.
Nimekitia makaa na udi, nyumba nzima inanukia.
Siku nyingine ulete na chungu chenyewe."